Kununua Usichokishika: Sayansi ya Vipuri vya Kompyuta Kutoka Masoko ya Mtandao

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na vizuizi hivyo vilikuja kulegezwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo Watanzania wengi wa wakati ule walikua bila ya kuigusa mashine hiyo. Leo mambo yamegeuka. Ukitembea kutoka Tandika hadi Mbagala, wilayani Temeke, au kutoka Mwananyamala hadi Tegeta, wilayani Kinondoni, hukosi kukuta kibanda chenye meza moja, taa ya kumulikia, mita ya kupimia umeme, na fundi kijana aliyeiinamia kompyuta iliyofunguliwa tumbo. Mashine hizo, nyingi zikiwa za mtumba zilizokwisha tumika Ulaya, Marekani au Uarabuni, ndizo zinazochapa mitihani ya shule zetu, barua za ofisi zetu na tasnifu za wanafunzi wetu.

Kazi ya fundi huyo ina sehemu tatu: kutambua kasoro, kupata kipuri, na kukifunga. Sehemu ya kwanza na ya tatu hufundishwa vyuoni. Ya pili, ambayo mafundi wenyewe huiita kutafuta spea, haifundishwi sana, ingawa mara nyingi ndiyo inayoamua kama kibanda kitadumu au kitafungwa. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba kutafuta spea, hasa katika masoko ya mtandao wa intaneti, si bahati nasibu. Ni kazi ya kisayansi, nayo hutumia fizikia, kemia na hesabu zile zile zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Kwa nini kipuri kitoke mbali

Baiskeli nyingi zinaweza kutumia mnyororo wa aina moja. Kompyuta mpakato sivyo. Kila modeli ina kibodi yake, kioo chake, betri yake, na bodi kuu yake ambayo mafundi huiita mazabodi. Mfanyabiashara wa Kariakoo hawezi kuweka dukani vipuri vya modeli zote zilizowahi kutengenezwa duniani. Huweka vile vinavyouzika haraka. Fundi akiletewa mashine isiyo ya kawaida hana budi kuangalia kwingine.

Mlango wa huko kwingine ulifunguka kwa upana zaidi pale nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam: ule wa SEACOM mwezi Julai 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Masoko yenyewe yalikuwa yamekwisha kuanzishwa: eBay huko Marekani mwaka 1995, Alibaba nchini Uchina mwaka 1999, na tawi lake la rejareja, AliExpress, mwaka 2010. Nyuma ya matangazo mengi ya masoko hayo iko mitaa halisi, na maarufu kuliko yote ni Huaqiangbei katika jiji la Shenzhen, ambako maelfu ya vibanda huuza kila kipande cha kompyuta, kuanzia skrubu hadi chipu.

Kipuri kikishanunuliwa huja kwa njia ya posta, au kwa kampuni za vifurushi, au kwa mawakala wa mizigo wenye maghala Guangzhou ambao hukusanya bidhaa za wateja wengi na kuzileta Dar es Salaam pamoja. Mawakala hao hutoza kwa kilo mzigo ukija kwa ndege, na kwa mita za ujazo ukija kwa meli. Msomaji azingatie jambo hili, maana uzito wa kipuri utarudi tena katika makala haya kwa sababu nyingine kabisa.

Muuzaji anajua, mnunuzi hajui

Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alichapisha uchunguzi wake juu ya soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba iwapo muuzaji anaujua ubora wa gari lake na mnunuzi haujui, mnunuzi hatakubali kulipa zaidi ya bei ya gari la wastani. Lakini kwa bei hiyo ya wastani mwenye gari zuri huona anapunjwa, naye huliondoa sokoni. Yakiondoka magari mazuri, wastani hushuka. Wastani ukishuka, bei hushuka tena. Na wenye magari ya kadiri nao huondoka. Mwishowe soko hubaki na mabovu. Kwa kazi hiyo Akerlof alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2001, pamoja na wenzake wawili, Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Soko la vipuri mtandaoni lina ugonjwa huo huo, tena kwa ukali zaidi. Mnunuzi wa gari aweza walau kulizunguka na kuliwasha. Mnunuzi wa kipuri huona picha tu, na mara nyingi picha yenyewe si ya kipuri atakacholetewa bali ni ya kipuri kipya cha kiwandani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mtandao vyote viwili hujitembeza kwa picha moja.

Masoko yenyewe yamejaribu kuutibu ugonjwa huu kwa dawa mbili. Ya kwanza ni kuzuia malipo: fedha za mnunuzi hushikwa na soko, na muuzaji hapewi mpaka mzigo upokelewe au muda wa kulalamika upite. Dawa hii inafaa, lakini ina kasoro kwetu sisi. Muda wa kulalamika una mwisho, na mzigo wa meli waweza kufika muda huo ukikaribia kwisha. Kadhalika, soko likiamuru kwamba kipuri kirudishwe ndipo fedha zirejeshwe, nauli ya kukirudisha Shenzhen kutoka Temeke yaweza kuzidi bei ya kipuri chenyewe.

Dawa ya pili ni ushuhuda wa wanunuzi waliotangulia. Hapa hesabu inahitajika. Tuseme muuzaji wa kwanza ana wanunuzi 3, na wote watatu wameridhika. Muuzaji wa pili ana wanunuzi 2,000, na walioridhika ni 1,900. Asiyefikiri atasema wa kwanza ana asilimia 100 na wa pili asilimia 95, basi wa kwanza ni bora. Mwanahisabati wa Kifaransa, Pierre-Simon Laplace, alitoa kanuni nyepesi ya kupimia hali kama hii: ongeza 1 kwa idadi ya walioridhika, ongeza 2 kwa idadi ya wote, kisha gawanya. Muuzaji wa kwanza hupata 4 kwa 5, yaani asilimia 80. Wa pili hupata 1,901 kwa 2,002, yaani karibu asilimia 95. Maana yake ni kwamba ushuhuda wa watu watatu ni mchache mno kuweza kuaminiwa. Hata hivyo kanuni hii haiwezi kutambua ushuhuda ulionunuliwa. Kwa hiyo fundi mwangalifu husoma kwanza maneno ya wale ambao hawakuridhika, maana hao aghalabu hueleza kasoro halisi.

Dawa ya tatu haitolewi na soko. Ni fundi mwenyewe kujua cha kuuliza kabla ya kununua, na cha kupima baada ya kupokea. Sehemu zinazofuata zinahusu dawa hiyo.

Namba zilizoandikwa juu ya kipuri

Kila kipuri halisi kina namba yake, na namba hiyo ndiyo jina lake la kweli. Fundi aombe muuzaji ampigie picha ya kibandiko chenye namba, si picha ya tangazo. Muuzaji anayekataa ombi hilo amekwisha kujibu swali.

Tuanze na chaja. Juu ya chaja ya kompyuta mpakato huandikwa, kwa mfano, volti 19 na ampea 3.42. Ukizidisha utapata wati 65. Watu wengi huamini kwamba chaja yenye ampea nyingi zaidi itaiunguza kompyuta. Si kweli. Volti ni mfano wa kimo cha tenki la maji juu ya paa: ndiyo msukumo. Ampea zilizoandikwa ni kiasi kikubwa kabisa cha mkondo ambacho chaja inaweza kutoa, lakini kompyuta huvuta kile inachohitaji tu, kama vile bomba hutoa maji kwa kadiri ulivyolifungua. Hivyo volti za chaja ngeni hazina budi zilingane na zile zinazotakiwa na kompyuta, na ampea ziwe sawa au zaidi. Ampea zikiwa pungufu, chaja italemewa na kupata moto.

Chaja bandia ina hatari iliyo kubwa zaidi. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, na ndani ya chaja umeme huo hugeuzwa kuwa wa mkondo mnyoofu wenye kilele cha volti 325 hivi. Kati ya upande huo na upande wa volti 19 unaofika kwenye vidole vya mtumiaji pana transfoma na nafasi ya hewa tu. Mtengenezaji wa bandia huokoa fedha kwa kupunguza nyaya za kuchuja, kinga na nafasi hiyo. Ndiyo maana chaja bandia huwa nyepesi kuliko halisi ya wati zile zile. Mara nyingi uzito peke yake hutosha kumtia fundi shaka.

Kadi za kumbukumbu za RAM nazo zina sheria zake. Kadi ya kompyuta mpakato ya aina ya DDR3 ina pini 204 na hutumia volti 1.5, ndugu yake DDR3L hutumia volti 1.35, DDR4 ina pini 260 na volti 1.2, DDR5 ina pini 262 na volti 1.1. Pengo lililokatwa kwenye ukingo wa kadi huzuia DDR3 isiingie mahali pa DDR4. Lakini DDR3 na DDR3L zina pengo mahali pamoja, na zipo kompyuta zinazokubali ile ya volti 1.35 tu. Hapo kadi itaingia vizuri na mashine haitawaka. Fundi asiyejua tofauti hii atadhani ameuziwa kadi mbovu, ataitupa, na atamlaumu muuzaji asiye na kosa.

Betri na mizani

Betri nyingi za kompyuta mpakato za miaka iliyopita zilijengwa kwa seli za mviringo za lithiamu-ioni ziitwazo 18650, yaani zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli moja ina wastani wa volti 3.6 au 3.7, na haipaswi kuchajiwa kupita volti 4.2. Betri ya seli sita huunganishwa mara nyingi kwa mafungu matatu ya seli mbili mbili, na hivyo kutoa volti 10.8 hivi.

Katika masoko ya mtandao hukosi kuona seli ya 18650 iliyoandikwa miliampea-saa 9,900. Tuipime kwa fizikia. Nishati ni volti mara ampea-saa: 3.7 mara 9.9 ni wati-saa 36.6. Seli ya ukubwa huo ina uzito wa gramu 45 hivi. Kwa hiyo kila kilo moja ya seli hizo ingebeba wati-saa 814. Sasa tulinganishe na seli ya kweli ya miliampea-saa 2,600 yenye gramu 46: nishati yake ni wati-saa 9.4, sawa na wati-saa 203 kwa kilo. Seli bora za 18650 zinazouzwa hufikia miliampea-saa 3,500 hivi. Anayedai 9,900 anadai kwamba ameishinda kemia karibu mara tatu, kisha akaamua kuuza ushindi huo kwa bei ya chini kuliko watu wote.

Hesabu hii inamwezesha fundi kuitumia mizani ya jikoni kama chombo cha maabara. Seli sita za kweli zina gramu 270 hivi, na pamoja na plastiki na saketi ya kinga betri nzima hufika gramu 300 au zaidi. Betri inayodaiwa kuwa ya seli sita lakini ina gramu 200 inasema uongo. Kumbuka lakini kwamba mizani hukataa betri iliyo nyepesi. Haithibitishi iliyo nzito. Seli kuukuu zilizochomolewa katika betri zilizokufa na kuvikwa ganda jipya zina uzito ule ule wa seli mpya. Kuzitambua hizo ni lazima kuichaji betri mpaka ijae, kuitumia kwa mzigo unaojulikana, na kupima saa ilizodumu.

Hatari yenyewe si ya kudharauliwa. Ndani ya seli kuna utando mwembamba unaotenganisha ncha mbili. Utando ukitoboka, au seli ikichajiwa kupita kiasi, joto huzalishwa; joto huharakisha mabadiliko ya kikemia; mabadiliko hayo huzalisha joto zaidi, mpaka seli huwaka moto. Hata viwanda vikubwa vimewahi kukosea: mwezi Agosti 2006 kampuni ya Dell iliita betri milioni 4.1 zirudishwe, zenye seli zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu ya chembe za metali zilizoingia ndani. Ikiwa kiwanda chenye ukaguzi kilikosea hivyo, asiye na ukaguzi wowote atakuwaje?

Ni kwa sababu hiyo tangu Aprili 2016 kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinakataza betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kupakiwa kama mizigo katika ndege za abiria, na zinataka zile zinazopakiwa katika ndege za mizigo ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Muuzaji anayekuahidi kuipitisha betri kwa jina la bidhaa nyingine anakuomba ushiriki katika kuhatarisha roho za watu.

Kumbukumbu inayosahau

Flashi bandia ni udanganyifu unaowaumiza hasa walimu na wanafunzi. Mtu hununua flashi iliyoandikwa terabaiti 2, akaichomeka, na kompyuta nayo ikakubali kwamba ni terabaiti 2. Ukweli ni kwamba ndani yake mna chipu ya gigabaiti 32, na chipu ndogo ya uongozi imefundishwa kusema uongo inapoulizwa ukubwa wake.

Mfano wake ni daftari la kurasa 32 ambalo mwenyewe ameliandika kwenye jalada kuwa lina kurasa 2,000. Karani aliyefungwa macho akiambiwa aandike ukurasa wa 33, hurudi ukurasa wa kwanza na kuandika juu ya maneno yaliyokuwapo. Nyingine huacha tu kuandika, kimya kimya. Orodha ya majina ya mafaili hubaki safi, lakini ukifungua faili hakuna kitu. Udanganyifu hugundulika baada ya miezi, siku ile picha za familia, alama za darasa zima au tasnifu ya miaka mitatu inapohitajika.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Programu za bure kama H2testw na F3 huijaza flashi yote kwa data zinazojulikana, kisha huzisoma tena na kulinganisha. Kinachohitajika ni subira: flashi ya gigabaiti 32 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde huchukua sekunde 3,200, yaani karibu dakika 53, kujazwa tu. Fundi asimkabidhi mteja flashi wala diski yoyote ambayo haijapita kipimo hiki.

Joto, kapasita na chipu zilizofufuliwa

Kapasita za elektroliti ni vile vikopo vidogo vya mviringo vilivyosimama juu ya mazabodi. Mwanzoni mwa karne hii kapasita nyingi zilizotengenezwa Asia Mashariki zilikuwa na maji ya elektroliti yasiyokamilika. Yalizalisha gesi, vikopo vikavimba na kupasuka, na kompyuta zikafa kwa wingi duniani kote. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitangaza kutenga dola milioni 300 kwa ajili ya hasara hiyo.

Kapasita huandikwa kiwango cha joto, nyuzi 85 au 105 za Selsiasi, na umri wake hutajwa kwa kiwango hicho, kwa mfano saa 2,000 kwenye nyuzi 105. Kwa kanuni ya jumla, joto likishuka kwa nyuzi 10 umri huongezeka maradufu. Kwenye nyuzi 85 kapasita hiyo itadumu saa 8,000, na kwenye nyuzi 65 saa 32,000. Geuza kanuni hiyo uitazame kutoka kwetu. Chumba cha Mbagala chenye nyuzi 32 kina joto zaidi kwa nyuzi 10 kuliko chumba cha Ulaya chenye nyuzi 22. Mashine ile ile, yenye kapasita zile zile, itaishi kwetu nusu ya umri wake wa kule. Kwa hiyo fundi wa Dar es Salaam anayeagiza kapasita ya nyuzi 85 kwa sababu ni rahisi zaidi anaagiza kazi ya kurudiwa. Rahisi huvunja upishi.

Chipu nazo zina hadithi yao. Katika ripoti yake ya mwaka 2012, Kamati ya Majeshi ya Baraza la Seneti la Marekani ilieleza kwamba ilikuta kesi zipatazo 1,800 za vipuri vya elektroniki vilivyoshukiwa kuwa bandia katika zana za kijeshi, jumla yake ikizidi vipuri milioni moja. Vingi kati ya vile vilivyofuatiliwa asili yake vilitoka Uchina, ambako chipu kuukuu huchomolewa katika takataka za elektroniki, husuguliwa msasa, hupakwa rangi nyeusi na kuandikwa namba mpya. Ikiwa jeshi tajiri liliuziwa mbuzi katika gunia, fundi wa Tandika asijione mjinga akiuziwa. Lakini ana kinga. Atazame chipu kwa kioo cha kukuzia kuona kama miguu ina mikwaruzo au mabaki ya risasi ya kulehemu, na aifute kwa pamba yenye asetoni. Maandishi na rangi vikitoka, huenda amepata chipu iliyofufuliwa.

Bei ya kweli ya kipuri

Tuseme chaja ya muuzaji mmoja inafika mkononi kwa jumla ya shilingi 20,000, lakini daftari la fundi linaonyesha kwamba moja katika kila tatu huwa mbovu. Chaja ya muuzaji mwingine inafika kwa shilingi 28,000, na mbovu ni moja katika kila ishirini. Bei ya kweli hupatikana kwa kugawanya bei kwa uwezekano wa kuwa nzima. Ya kwanza: 20,000 gawanya kwa 2/3 ni shilingi 30,000. Ya pili: 28,000 gawanya kwa 0.95 ni shilingi 29,474. Ile iliyoonekana ghali ndiyo rahisi, nasi hatujahesabu majuma ya kungojea kipuri cha pili wala mteja atakayehamia kwa fundi mwingine.

Jumla hiyo ihesabu nauli, makato ya kubadilisha fedha, pamoja na kodi na ushuru wa Mamlaka ya Mapato. Ihesabu pia uwezekano wa mzigo kupotea. Fomu za masoko ya kigeni hudai jina la mtaa, namba ya nyumba na postikodi. Kwa muda mrefu vibanda vingi vya pembezoni havikuwa na anwani ya namna hiyo. Zoezi la kitaifa la anwani za makazi la mwaka 2022 limesaidia, na fundi aitumie anwani yake sahihi pamoja na namba ya simu.

Daftari lililotajwa hapo juu ndilo mtaji mkubwa wa fundi. Aandike tarehe, muuzaji, namba ya kipuri, gharama zote, siku za kungojea na matokeo ya kipimo. Baada ya vipuri hamsini atakuwa na elimu ambayo hakuna soko linaloweza kumuuzia.

Kipuri kilicho karibu zaidi

Mara nyingine kipuri bora hakitoki Shenzhen bali chini ya meza. Kompyuta mbili za modeli moja, moja ikiwa na mazabodi iliyokufa na nyingine kioo kilichovunjika, hufanya kompyuta moja nzima. Kipuri hicho ni halisi, kimepimika, na hakina nauli. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, inayosimamia usafirishaji wa taka za hatari. Na tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za elektroniki zisivuke mpaka bila ya nchi inayopelekewa kuridhia kwanza. Anayeagiza shehena ya vipuri vibovu kwa matumaini ya kuchambua vizima, basi, si mnunuzi tu. Aweza kuwa mwingizaji wa taka. Na betri iliyokufa isitupwe jalalani wala kuchomwa, maana moshi na metali zake haviheshimu mipaka ya Temeke na Kinondoni.

Zoezi kwa wanafunzi

Mwalimu aweza kuyafanyia kazi mambo haya kwa mizani, mita ya umeme na kompyuta moja. Kwanza, wanafunzi wapime uzito wa chaja kadhaa, wazidishe volti kwa ampea zilizoandikwa, na wachore grafu ya wati dhidi ya gramu. Chaja iliyo mbali na mstari ichunguzwe bila ya kufunguliwa. Pili, waipime flashi moja ya shule kwa programu iliyotajwa, wakadirie kwanza muda utakaotumika, kisha walinganishe na muda halisi. Tatu, wachague matangazo matatu ya betri, wakokotoe wati-saa kwa kilo, na waamue lipi haliwezekani.

Mwanafunzi atakayemaliza mazoezi hayo matatu atakuwa amejifunza jambo ambalo litamfaa hata asipokuwa fundi: kwamba maandishi yaliyo juu ya kitu ni dai tu, na kila dai lina kipimo chake.